Moyo Ukielemewa: Maswali kutoka Lamu kuhusu Nyimbo na Vitabu

Kusi imekaza, mashua haziendi, deni dukani linapanda. Wimbo utanifaa nini?

Deni hautalipa. Ila wasiwasi hukaa mwilini: moyo waenda mbio, pumzi inakuwa fupi, usingizi haushiki. Muziki wa taratibu husaidia kushusha mapigo ya moyo na kulegeza misuli, mradi uukalie kitako na kuusikiliza. Jaribu nusu saa kabla ya kulala, kila usiku, sauti ikiwa ya chini. Ukimaliza, simu iweke mbali na kitanda, maana habari za kundi la WhatsApp zitakuamsha upya.

Tangu mume wangu afariki nasikiliza taarabu za majonzi tu. Ni vibaya?

Pole sana, dada. Si vibaya. Kuna machozi yasiyotoka mpaka mtu mwingine ayaimbe. Tazama tu unavyokuwa wimbo ukiisha. Ukilia, ukashusha pumzi, ukainuka kwenda kupika, umekufaa. Lakini ukiurudiarudia huku wazo ni lilelile, nawe ukatoka mzito kuliko ulivyoanza, uzime. Siku hizo sikiliza pamoja na mtu, au mwite jirani mzungumze bila wimbo wowote.

Sisikilizi ala kwa sababu ya dini.

Hakuna anayekulazimisha usikilize udi. Hata hapa Lamu wako wanaopenda matari ya Maulidi pale Msikiti wa Riyadha na wako wasioyataka, na ugomvi huo si wangu. Sehemu kubwa ya utulivu hutokana na pumzi: anayesoma Qurani au kasida kwa mwendo wa polepole huitoa kwa urefu, na moyo nao hupunguza kasi.

Na vitabu? Sifiki hata ukurasa wa pili.

Kushindwa kutuliza akili ni dalili ya msongo, si uvivu. Anza na beti tatu, kwa sauti, au usomewe. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa alipomtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858. Mawaidha yake ya ndoa si lazima uyakubali yote (mimi siyakubali), lakini kumsikia mtu anayeumwa akipanga maneno yake kwa vina kunatia nguvu. Vitabu vinavyofundisha kukabili mawazo mabaya navyo husaidia mfadhaiko usio mkali. England vinapendekezwa kupitia maktaba tangu 2013.

Niende hospitali lini?

Huzuni, au kukosa hamu ya uliyoyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, huku usingizi na chakula vimevurugika, nenda zahanati au hospitali ya King Fahd hapa Lamu. Kusomewa dua na kutibiwa havigombani. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa kuwa muziki umekutuliza. Likija wazo la kujiua, usingoje wiki mbili: mwambie mtu saa hiyohiyo, usibaki peke yako, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo. Maneno yakikukwama mbele ya daktari, nenda na ndugu unayemwamini aanze kueleza yeye.