Omu 300 si nguvu ya amplifaya

Maduka ya simu ya Darajani na Mlandege hapa Unguja siku hizi yanauza amplifaya za mfukoni, vifaa vya kukuza sauti ya hedifoni: zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la chaji, na zile kubwa kidogo zenye betri yake. Mteja anauliza ipi nzuri, muuzaji anageuza boksi na kusoma: "Hii ya omu 300. Hii nyengine ya omu 600, ndiyo yenye nguvu." Mteja analipia ya 600. Maneno hayo nimeyasikia madukani, nimeyasikia barzani, na nimeyasikia kwa vijana wa studio ambao sauti ndiyo kazi yao. Yananiuma kwa sababu mtu anatoa fedha nyingi kwa kufuata namba ambayo haimwambii kile anachotaka kukijua.

Maana yenyewe ni fupi. Omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Namba ya omu iliyoandikwa kwenye hedifoni inaitwa impedansi, yaani kiasi ambacho koili yake (waya uliozungushwa ndani) inauzuia mkondo unaopanda na kushuka, na muziki ukishapita kwenye waya ni mkondo wa namna hiyo. Basi. Ni sifa ya hedifoni. Amplifaya haina "omu 300". Boksi likiandikwa "omu 16 hadi 300", mtengenezaji anasema hedifoni za kiwango hicho zinaweza kuchomekwa humo. Zitalia kwa sauti ya kiasi gani, hajasema. Amplifaya mbili zinaweza kubeba maandishi hayohayo, moja ikatoa volti 1, yaani msukumo wa umeme, na nyengine volti 4.

Kosa kubwa zaidi limekaa ndani ya hilo: kwamba omu nyingi maana yake hedifoni ngumu, na omu chache maana yake hedifoni ya kuchomeka kwenye simu ukamaliza. Hapa naomba tukae kidogo.

Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni nyeusi inayoonekana katika studio nyingi duniani. Inatengenezwa kwa omu 32, kwa omu 80 na kwa omu 250. Zote tatu mtengenezaji anaziandikia sensitiviti moja: desibeli 96 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1 (kipimo cha nguvu). Sensitiviti ndiyo namba inayosema hedifoni ni nyepesi au nzito, kwa sababu inaeleza ukiipa kiasi fulani cha nguvu itatoa sauti kiasi gani. Sasa tuseme tunataka vilele vya sauti vifike desibeli 110. Hapo nazungumzia pigo la ghafla la dumbak, ile ngoma ya taarab, si sauti ya kukaa nayo mchana kutwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kutoka 96 kwenda 110 ni desibeli 14, na desibeli 14 ni nguvu mara 25. Kwa hiyo hedifoni hii inataka miliwati 25, iwe ya omu 32 au ya omu 250. Nguvu ni ileile.

Kilichobadilika ni mgawo wake. Ya omu 250 inataka volti 2.5 na mkondo wa miliampea 10. Ya omu 32 inataka volti 0.9 tu, lakini mkondo wake ni miliampea 28. Kazi ya omu ni hiyo. Haisemi hedifoni inataka nguvu kiasi gani, inasema inaitaka kwa sura gani: volti nyingi na mkondo mdogo, au volti chache na mkondo mkubwa. Mafundi wa kiwandani wanalipata hilo kwa waya tu. Koili ya omu 250 imezungushwa waya mwembamba zaidi, mizunguko mingi zaidi.

Sasa weka pembeni yake HiFiMAN HE-6. Hii ni ya utando mpana uliochorwa njia za umeme na kuwekwa kwenye uga wa sumaku, haina koili ya kawaida. Imeandikwa omu 50. Kwa hesabu ya dukani hii ingekuwa nyepesi, simu ingeimudu. Sensitiviti yake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kuifikisha kwenye desibeli 110 zilezile unahitaji karibu miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampea 95 kwa pamoja. Sennheiser HD 600 ni ya omu 300, mara sita ya hiyo kwa omu, lakini kwa kuwa inatoa takriban desibeli 97 kwa miliwati, inatosheka na miliwati 20. Hedifoni ya omu 50 inakula nguvu zaidi ya mara 20 ya hedifoni ya omu 300. Anayesema "omu nyingi ndiyo nzito" aikalie hesabu hii kwanza.

Tofauti hii kwenye amplifaya za mezani unaweza kuipuuza, kwa sababu amplifaya inayochomekwa ukutani aghalabu ina volti za kutosha na mkondo wa kutosha. Ya mfukoni haina anasa hiyo. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.7, na ili amplifaya itoe volti nyingi kuliko seli inavyoruhusu lazima iwe na saketi ya kupandisha, ambayo inakula betri na inaongeza bei. Ndiyo maana zile za bei ndogo mara nyingi zina mkondo unaotosha hedifoni za omu 32 huku volti zikiishia njiani. Kuna na za upande wa pili. Mafundi wengi wa nyumbani wameunda ile inayoitwa CMoy, kwa jina la Chu Moy aliyeichora, na wengi waliitia kwenye kikopo cha bati cha peremende. Inaendeshwa na betri ya volti 9, kwa hiyo HD 600 inaimudu vizuri. Lakini chipu yake inaishia kwenye makumi machache ya miliampea. Iunge na HE-6 utasikia dumbak limebapa, na palepale linapopigwa, fidla zote nyuma yake zinakwaruza. Kuongeza sauti hakusaidii kitu hapo, kunazidisha mkwaruzo.

Na simu je? Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, toleo la Marekani, hutoa takriban volti 1. Toleo la Ulaya nusu yake. Angalia iliyo mkononi mwako ni ya wapi. Volti 1 kwenye DT 770 ya omu 32 inafika desibeli 111. Kwenye ya omu 250 inafika 102. Kwa hiyo hata hiyo ya 250 inalia kwenye simu, na kwa taarab ya kisasa iliyorekodiwa kwa nguvu wengi hawatataka zaidi. Utaona upungufu ukifungua rekodi za taarab asilia zilizohamishwa kutoka kwenye kaseti. Hizo mara nyingi ziko chini, ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inaanza peke yake taratibu, na volyumu ya simu imeshafika mwisho bado unakaza masikio. Hapo ndipo amplifaya inapokuwa na haki yake.

Chanzo cha mkanganyiko nadhani ni kuwa tumesoma omu skuli kwa betri na balbu. Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827, na kanuni ile ilikuwa ya mkondo unaokwenda upande mmoja bila kubadilika. Ukinzani wa waya kwake ni namba moja iliyotulia. Neno impedansi limekuja baadaye, mwaka 1886, kutoka kwa Oliver Heaviside, Muingereza aliyewahi kuwa opereta wa telegrafu. Wakati ule shida ilikuwa nyaya ndefu za chini ya bahari, ambamo alama zinazotumwa haraka zilifika zimepakana, zimefifia. Nyaya hizo si habari ya mbali kwetu: ile ya kutoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, na jengo la zamani la Extelecoms lipo hadi leo pale Shangani, sasa ni hoteli. Alichokionyesha Heaviside ni kwamba mkondo unaobadilika unakutana na kizuizi ambacho nacho kinabadilika, kwa kufuata kasi ya mabadiliko yake.

Na hedifoni ni vivyo hivyo. Ile 300 ya HD 600 ni namba ya kutajia tu. Ukishuka kwenye besi, karibu na hezi 100, inapanda hadi kupita 500. Eafoni za kuziba sikio zenye vipaza vidogo vingi ndani zinayumba zaidi, huku namba ya boksini ikibaki moja.

Kuyumba huko ndiko kunakotupeleka kwenye omu pekee ambazo kweli ni za amplifaya, na ambazo madukani hazitajwi kabisa: impedansi ya kutokea, yaani ukinzani uliomo ndani ya amplifaya yenyewe kabla sauti haijafika kwenye jeki, tundu la kuchomekea hedifoni. Tuseme eafoni yako ina omu 8 kwenye sauti za juu na omu 40 kwenye za kati. Amplifaya ikiwa na omu 10 ndani yake, volti zinagawanywa baina yao, na sauti za juu zinapoteza desibeli 7 wakati za kati zinapoteza chini ya 2. Ni tofauti ya desibeli 5. Sauti ya mwimbaji inabaki mbele, ganuni inakuwa butu. Amplifaya yenye omu 1 ingeleta tofauti isiyofika desibeli 1. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kuwa omu za ndani ya amplifaya zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa hiyo kwenye amplifaya, omu zikiwa chache ndiyo bora. Yule aliyelipia ile "ya omu 600" kwa sababu namba ni kubwa ameielekea kinyume.

Hilo khasa linawahusu wenye eafoni. Amplifaya iliyotengenezwa kusukuma HE-6, ukiichomekea eafoni ya desibeli 115 kwa miliwati, utasikia "shhh" kabla wimbo haujaanza na baina ya beti na beti. Volyumu nayo itapanda kwa ghafla, robo ya mzunguko tayari inaumiza. Baadhi ya amplifaya zina swichi ya geini, juu na chini. Swichi hiyo haiongezi nguvu ya betri hata kidogo, inabadilisha tu ni mara ngapi ishara inakuzwa. Kwa eafoni iweke chini na uiache huko. Kwa hedifoni nzito ipandishe pale tu volyumu inapofika mwisho na sauti bado haitoshi.

Kwa hiyo ndugu yangu ukisimama mbele ya kioo cha duka, wala huna haja ya kubishana na muuzaji, naye anasoma kilichoandikwa. Mwambie: "Ami, nina hedifoni ya omu 250, desibeli 96. Hii inatoa volti ngapi?" Asipojua, tafuta mstari wa miliwati kwenye boksi au karatasi ya ndani, ambao kwa kawaida hutaja miliwati hizo ni kwenye omu ngapi. Zidisha miliwati kwa omu zake, gawanya kwa 1000, tafuta kipeuo cha pili, hizo ndizo volti. Miliwati 125 kwenye omu 32 ni volti 2. Volti 2 hizo kwenye omu 250 ni miliwati 16, na miliwati 16 kwenye hedifoni yako ni desibeli 108 za vilele, ambazo kwa bashrafu (kipande cha taarab cha ala tupu) yoyote niliyowahi kuisikiliza zinatosha na kubaki.