Je, Wajua Kwa Nini Msanifu wa Mandhari Huitwa Kabla ya Jukwaa Kujengwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katika mradi wa sanaa za jamii msanifu wa mandhari ndiye hufika mwisho: msanii amekwisha kusimamisha sanamu, mafundi wamemaliza jukwaa, kisha yeye anakuja na miche yake kufunika udongo uliobaki wazi. Nilikosea, tena si kidogo. Kosa hilo ni rahisi kulifanya, kwa kuwa kazi yake ikifanywa vizuri haionekani, na kinachobaki machoni ni maua. Hata jina linapotosha. Neno mandhari, lenye asili ya Kiarabu, lahusu kile kinachotazamwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi yake katika miradi hii ni kuwawezesha watu kutazama kitu kingine.

Historia tuipite upesi. Taaluma hii ilijipatia jina katika karne ya 19 kupitia watu kama Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wa bustani ya Central Park mjini New York, na tangu mwanzo ilishughulikia ardhi, maji na mapito kabla ya kushughulikia mimea. Kwa hiyo jamii inapotaka mahali pa maigizo, ngoma au maonyesho, ni yeye anayeuliza watu wataingilia wapi, gari la vyombo litapita wapi, na udongo utabeba uzito gani. Swali lake zito kuliko yote, hata hivyo, ni la mteremko.

Fikiria wanafunzi wanaopigwa picha ya pamoja: wafupi hukaa mbele, warefu husimama nyuma. Hadhira haiwezi kupangwa kwa kimo, kwa hiyo kila anayeketi nyuma hana budi kuazima urefu kutoka ardhini. Tuseme jukwaa liko sawa na ardhi, na mtazamaji ameketi mita 10 kutoka ukingo wake, macho yake yakiwa mita 1.2 juu ya ardhi. Aliye mita 1 nyuma yake anataka kuiona miguu ya mchezaji pale ukingoni, na ili asizibwe na kichwa, mstari wa macho yake upite takriban sentimita 12 juu ya macho ya aliye mbele. Ukipiga hesabu ya pembetatu zinazofanana, utakuta anahitaji kuinuliwa sentimita 25 hivi, na anayemfuata sentimita 26. Kila safu inadai nyongeza kubwa kidogo kuliko iliyotangulia, ndiyo maana mteremko mzuri haunyooki kama ubao ulioegemezwa ukutani, bali hupinda kama upande wa bakuli. Ukiliinua jukwaa kwa mita 1, zile sentimita 25 zinashuka hadi 15 hivi, na gharama ya kuhamisha udongo hupungua sana.

Hapo ndipo inapojitokeza kejeli ninayoipenda: bakuli lililochongwa kwa ajili ya macho ni bakuli kwa mvua pia, na mahali pa chini kabisa ndipo waliposimama wasanii. Bila mfereji wa kukinga maji kati ya hadhira na jukwaa, igizo litachezwa bwawani. Tena, kupanda sentimita 25 kwa kila mita ni mwinuko mkali mara tatu kuliko ule unaoruhusiwa na kanuni za Marekani kwa njia za viti vya magurudumu, yaani 1 kwa 12. Kwa hiyo njia hulazimika kuzunguka pembeni polepole, ikiwa na sehemu tambarare za kutazamia katika vimo mbalimbali.

Sauti nayo hufaidika, kwa sababu inayosafiri chini chini juu ya vichwa humezwa na nguo na miili. Hapa tahadhari inahitajika. Husemwa kwamba katika ukumbi wa kale wa Epidaurus, Ugiriki, mnong'ono hufika viti vya juu kabisa, lakini vipimo vya watafiti wa Uholanzi vilivyotangazwa mwaka 2017 havikuunga mkono sifa hiyo. Mteremko husaidia, ila haufanyi miujiza.

Wakati mwingine kazi yenyewe ni kuipa nafasi sauti ya wakazi. Katika Superkilen, bustani iliyofunguliwa Copenhagen mwaka 2012, wasanifu wa mandhari wa Topotek 1 walifanya kazi pamoja na wasanifu majengo wa BIG na kundi la wasanii Superflex, na wakazi wenye asili ya mataifa mengi wakapendekeza vitu vya kuwekwa humo, kuanzia mabenchi hadi taa. Kuvikubali vitu hivyo ndiyo sehemu nyepesi. Kuvipanga ili watu bado wapite, wakae na wacheze ni shughuli nyingine.

Na ile miche? Ipo, lakini nayo hupimwa kwa macho ya mtazamaji: mche unaofika kiunoni leo, ukipandwa mbele ya ukuta wenye mchoro, baada ya miaka 15 utakuwa umeziba nusu ya picha.