Niliandika "bipola" kwenye faili lake

Wagonjwa hucheka nikitaja tatizo la haiba. "Haiba ninayo, daktari," aliniambia binti mmoja, akajishika shavu. Ana haki ya kucheka: kwetu mwenye haiba ni mtu anayevutia. Nikiwa na wazee nasema hulka, wananielewa mara moja. Tunachozungumzia ni namna mtu alivyozoea kujiona na kuishi na wenzake, mazoea yaliyoota mizizi na yanayomuumiza yeye na walio karibu naye.

Binti huyo (nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike) alikuwa na miaka 24 alipoletwa na shangazi yake. Siku hiyo foleni ilifika nje. Nikasikia leo yuko juu, kesho chini, hasira za karibu, hela anatumia ovyo. Nikaandika bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kwa vipindi, nikampa dawa, nikaita anayefuata. Dakika 15. Nilikosea.

Ziara ya tatu ndipo aliponipa simu yake nisome. Meseji 43 kwa mchumba wake, usiku mmoja, kati ya saa nne na saa kumi. Za mwanzo mahaba matupu. Kisha zikatokea tiki mbili za bluu bila jibu, na lugha ikageuka: matusi, vitisho, "usinitafute tena". Za mwisho anaomba msamaha, asiachwe. Alipopandisha mkono wa gauni, kulikuwa na chale mpya za wembe.

Mtu wa bipola akipanda, hupanda kwa siku nyingi. Kupanda huko kukiwa kukali tunakuita mania kamili, na tunaipimia walau wiki nzima; katika wiki hiyo anaweza kulala kwa saa mbili tu akaamka na nguvu tele. Huyu alipanda na kushuka mara tatu kabla ya adhuhuri, na kila mara kuna mtu alikuwa amechelewa kujibu, amenuna, au ameaga. Kumbe swali langu la kwanza lilipaswa kuwa: hali hiyo hudumu kwa muda gani, na kabla yake kulitokea nini? La pili huwa la ndugu: tangu lini? Shangazi alijibu bila kufikiri, "Huyu ndivyo alivyo tangu darasa la sita." Familia huyasema maneno hayo kwa kukata tamaa. Mimi niliyahitaji tangu siku ile ya foleni.

ICD-11, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, umefuta orodha ndefu ya aina za zamani za tatizo la haiba. Sasa tunapima kwanza ukali wa tatizo, halafu sifa zinazojitokeza, na kwa kawaida liwe limedumu miaka 2 au zaidi. Imebakizwa moja tu ya zamani, muundo wa mpakani (borderline), na ndio wa binti huyu. Jina hilo silipendi. Ni la miaka ya 1930, walipodhani wagonjwa hawa wamesimama mpakani kati ya nurosisi (wasiwasi na dhiki ya akili) na saikosisi (kupoteza uhalisia). Wamarekani na DSM, mwongozo wao wa magonjwa ya akili, bado wana aina 10. Kwa hii ya mpakani wanataka dalili 5 kati ya 9, hivyo wagonjwa wawili wanaweza kufanana kwa dalili moja tu.

Kidonge cha hulka hakipo. Ile dawa niliyompa ilikuwa valproate, yenye madhara kwa mtoto aliye tumboni, na nilimpa binti wa miaka 24. Niliipunguza taratibu mpaka nikaiondoa. Sonona ikiambatana tunaitibu, ila amitriptyline, dawa ya sonona, ikimezwa kwa wingi inaua, kwa hiyo natoa ya wiki moja na anaishika shangazi.

Tiba yenyewe ni mazungumzo. Iliyochunguzwa zaidi, DBT, inayofundisha kuhimili hisia kali, ilitungwa na Marsha Linehan wa Seattle, ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kwamba naye alijikata na kulazwa alipokuwa binti. Ikikamilika ina kikao cha kila wiki, darasa la kikundi, simu za dharura na timu ya watoa tiba. Timu hiyo sina. Kilichonitia moyo ni utafiti wa Toronto uliotolewa mwaka 2009: wagonjwa 180, mwaka mzima, na waliopata huduma ya kawaida iliyopangwa vizuri walipata nafuu sawa na wale wa DBT. Basi tunaonana kila Jumanne, saa ileile, na tunachora mnyororo nyuma ya karatasi ya maabara: tiki za bluu, wazo "ameniacha", kifua kubana, mkono kwenye wembe. Tunatafuta pete ya mnyororo ya kukata. Yake ilikuwa kwenye kifua kubana: beseni la maji, barafu ya mfuko kutoka dukani kwa Mangi, uso ndani, pumzi imezuiwa nusu dakika. Moyo hupunguza mbio. (Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu.)

Hivi sasa ana miezi minane ya tiba hii. Mwezi uliopita alijikata mara moja, tukachora mnyororo wa siku hiyo pia. Shangazi akaniuliza kama anaweza kuacha kufungia vidonge kabatini. Nikamwambia bado.