Boila ya garimoshi hulipuliwa na uhaba wa maji kuliko wingi wa presha

Wengi hudhani boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke wa kuendeshea injini, hulipuka kwa sababu presha imepita kiwango. Kwa kawaida ziada hiyo hutolewa na vali za usalama. Hatari kubwa ni maji kupungua. Dari ya tanuru, bamba lililo juu kabisa ya moto, hupozwa na maji yanayolifunika. Likibaki kavu hupata moto hadi kuwa jekundu, hulegea, kisha presha ileile ya kawaida hulichana. Vali haina la kusaidia hapo. Bamba likichanika, presha hushuka ghafla na maji yenye nyuzi karibu 200 za Selsiasi hugeuka mvuke papo hapo: huo ndio mlipuko.

Injini nyingi zina vizibo vya madini ya risasi darini, yanayoyeyuka kwenye nyuzi 327, ili mvuke umwagikie motoni na kumshtua dereva. Hilo ni onyo la mwisho. Kinachodanganya zaidi ni kipimo cha kioo cha kuonyesha kiwango cha maji: matundu yakiziba kwa chokaa, huonyesha maji yasiyokuwepo. Kipulizwe kabla ya safari.