Msalaba Haubebeshwi: Dhana Potofu Kuhusu Kufa kwa Nafsi

Alhamisi moja jioni, katika darasa letu la Biblia hapa Manyatta, Kisumu, dada mmoja aliingia akiwa amejifunga leso hadi karibu na jicho. Tuliimba, tukasoma, tukaomba. Wengine walipoanza kutoka, yeye alibaki akikunja mkeka ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Nilipomsogelea leso ikateleza, nikaona shavu lilivyovimba. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nilikwenda kwa mtumishi wa Mungu nikamweleza. Ameniambia bado sijafa kwa nafsi. Nikifa, ngumi hazitaniuma."

Sijayasahau maneno hayo. Nimelelewa kanisani na najua mafundisho ya kufa kwa nafsi, yaani kujikana mwenyewe ili kumfuata Kristo, yamewatoa watu katika ulevi, wizi na ugomvi wa mashamba ulioanza kabla hawajazaliwa. Ni mafundisho yenye uzima, ndiyo maana naumia nikisikia yakitumiwa hivyo. Hizi ni baadhi ya dhana ninazokutana nazo hapa kwetu, pamoja na yale Maandiko yenyewe yanayosema.

Dhana: Kufa kwa nafsi ni kuvumilia lolote utakalotendewa, tena kwa kunyamaza

Naanza na hii kwa sababu hii inaua watu.

Yesu alisema hivi katika Luka 9:23: "Mtu ye yote akitaka kunifuata, na ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku, anifuate." Sikiliza hiyo "ji". Ajikane. Ajitwike. Kiambishi hicho kidogo kinamfanya anayetenda na anayetendwa kuwa mtu mmoja. Bwana hakusema wakukane, wala hakusema mwenzako akutwike. Kigiriki cha Luka nacho kiko hivyohivyo: mtu anaambiwa amkane yeye mwenyewe, auinue msalaba wake. Mwingine ataniuliza, je, Simoni wa Kirene hakushurutishwa kuubeba msalaba? Alishurutishwa, na walikuwa wakimpeleka Bwana kuuawa hao waliomshurutisha. Sioni mchungaji anayeweza kuwachukua hao kuwa mfano wake.

Yesu mwenyewe, katika Yohana 10:18, anasema hakuna anayemwondolea uhai wake, bali anautoa yeye mwenyewe. Na usiku aliokamatwa, mtumishi wa kuhani mkuu alipompiga kofi, hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza pia. Alimuuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Swali hilo limo katika Yohana 18:23, na sijawahi kusikia likihubiriwa kwenye semina ya ndoa.

Tazama na Paulo, aliyeandika kwamba amesulibiwa pamoja na Kristo. Kule Filipi alipigwa bakora bila kuhukumiwa, kisha wakubwa wa mji wakataka aondoke kimyakimya. Alikataa. Alisema waje wenyewe wamtoe. Kule Yerusalemu, walipomfunga ili wampige mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Kule Kaisaria alikata rufani kwa Kaisari. Kufa kwake kwa nafsi hakukumzuia kuijua sheria na kuitumia.

Nasi tunayo sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tangu mwaka 2015, na mtu anayepigwa anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Nambari ya simu ya msaada ni 1195, na haitozwi. Mwanamke anayeitumia hajaiacha imani. Yule dada alilala kwangu siku tatu, kisha akina mama wawili wa darasa wakamsindikiza hospitali na baadaye kituo cha polisi, wakiwa wamekaa naye kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri. Wao pia siku hiyo walikufa kidogo, kwa biashara waliyoiacha imefungwa.

Jambo lingine halisemwi. Katika Waefeso 5:25 anayeagizwa ajitoe kama Kristo alivyojitoa ni mume. Ikiwa tunataka kuhubiri kufa kwa nafsi katika nyumba ile, tumwanzie mwenye ngumi. Hasira yake, kiburi chake, na ile fikra kwamba waliomo nyumbani ni mali yake, hivyo ndivyo vilivyopaswa kupigiliwa misumari.

Dhana: Ni kujichukia na kujiona si kitu

Wanaosema hivi wana aya ya kushika mkononi. Luka 14:26 inazungumza juu ya kumchukia baba na mama, na hata nafsi yako mwenyewe. Lakini soma Mathayo 10:37, ambako fundisho lilelile linasemwa kwa njia nyingine: anayempenda baba au mama kuliko mimi. Waebrania walizoea kusema "chukia" wakimaanisha kuweka nyuma, kupenda kidogo kuliko. Katika Mwanzo 29, Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Aya inayofuata, kwa Kiebrania, inatumia neno la kuchukiwa juu ya Lea. Ni suala la nani anatangulia. Tena Yesu huyohuyo aliagiza tumpende jirani kama nafsi yetu. Kama nafsi hiyo ingekuwa takataka, jirani angepata nini?

Lugha yetu ina vifo vingi. Kuna kufa moyo, kuna kufa ganzi. Nimewaona watu waliokufa moyo wakisifiwa kanisani kwamba wamekufa kwa nafsi: hawatarajii kitu, hawalalamiki, hawacheki, ukiwauliza wanataka nini wanakutazama tu. Nimewaona waliokufa ganzi pia, waliofiwa ambao hawakuruhusiwa kulia kwa sababu eti machozi ni ya mwili. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, akasema wazi anachokitaka, kisha akasema yasiwe mapenzi yake bali ya Baba. Asiyekuwa na mapenzi yake mwenyewe angetoa nini pale bustanini?

Basi anayekufa ni nani? Naona neno "kukana" linatusaidia. Tendo ambalo Yesu aliwaagiza wanafunzi wajifanyie wenyewe, Petro alikuja kumfanyia Yesu uani kwa kuhani mkuu, akiota moto. Alimkana. Alisema simjui mtu huyu. Katika Kigiriki nako vitenzi ni hivyohivyo. Kwa hiyo kujikana ni kumwambia yule "mimi" aliyekalia kiti cha enzi moyoni, anayetaka kila kitu kimzunguke yeye: sikujui, huna amri juu yangu. Anashushwa kitini. Hafutwi utu wake, wala jina lake, wala kicheko chake.

Paulo tena ni shahidi. Anasema "wala si mimi tena, bali Kristo yu hai ndani yangu," na sentensi hiyohiyo ya Wagalatia 2:20 inaendelea hadi kusema kwamba Mwana wa Mungu alimpenda yeye na kujitoa kwa ajili yake. "Si mimi" na "alinipenda" ziko pamoja. Na katika 2 Timotheo, akiwa kifungoni na akijua saa yake imekaribia, anaomba aletewe joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mzee anasikia baridi na anavikumbuka vitabu vyake. Huyo ndiye mtu aliyesulibiwa pamoja na Kristo.

Sisi tunaolima tuna faida ya kuielewa Yohana 12:24, chembe inayoanguka katika nchi na kufa. Nilipokuwa msichana kijijini, mvua za Machi zilipoanza tulipanda mahindi, na mimi sikuwa na subira. Siku ya saba au ya nane nilifukua shimo moja nione. Punje ilikuwa imelegea. Nilipoibonyeza kwa ukucha, ule unga mgumu uliogomea meno ulitoka kama maziwa, ganda likabaki mkononi, na upande mmoja kichipukizi cheupe kilikuwa kimeshajipinda kuelekea juu. Chakula chote kilichohifadhiwa ndani ya ganda kilikuwa kinatumika. Nyanya alinigombeza kwa kuiharibu, kisha akaniambia: ile iliyobaki ghalani ni nzima, lakini iko peke yake. Na mmea uliotoka katika mashimo mengine ulikuwa mahindi. Haukubadilika kuwa mtama.

Dhana: Ukiutesa mwili, nafsi itakufa

Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kujua jambo hili linafika wapi. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo. Waathiriwa wengi walikuwa wameambiwa kwamba wakikaa bila kula watakutana na Yesu. Walitoka pande nyingi za nchi, na huku Nyanza na Magharibi tulizifuatilia habari zile tukiwa tumeshika vichwa.

Kufunga ni jambo jema, Bwana mwenyewe alifunga. Lakini Wakolosai 2:23 inasema kuutawala mwili kwa ukali kunaonekana kuwa hekima, na hakufai kitu katika kuzizuia tamaa. Kiburi hakiishi tumboni. Mtu anaweza kufunga siku arobaini na akatoka na kiburi kilichonona, cha kuwahesabu ndugu wanaokula. Isaya 58 inawakemea waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Na mtoto hana nafsi ya kuitoa kwa niaba ya mzazi wake, wala mzazi hana ruhusa ya kuitoa ya mtoto. Turudi kwenye ile "ji".

Dhana: Hayo ni ya mapadre, masista na wahubiri

Luka anasema Yesu aliwaambia wote. Hapa sina la kuongeza.

Dhana: Nilikufa siku niliyookoka, nimemaliza

Hii ndiyo dhana yangu mwenyewe ya miaka mingi.

Ina nusu ya ukweli. Warumi 6 inasema utu wetu wa kale ulisulibishwa pamoja naye, na jambo hilo limekwisha tendeka. Lakini soma Wakolosai 3. Aya ya tatu: "Kwa maana mlikufa." Aya ya tano: "Basi, vifisheni viungo vyenu." Watu walewale waliokwisha kufa wanaambiwa wafishe. Luka ameongeza maneno mawili ambayo Mathayo na Marko hawana katika agizo la msalaba: kila siku. (Wengi hutaja pia 1 Wakorintho 15:31, "ninakufa kila siku". Ukiisoma pamoja na aya zilizo jirani utaona Paulo anazungumzia hatari za kuuawa kweli, kule Efeso. Fundisho la kila siku linasimama imara bila kuiazima aya hiyo.)

Nyanya yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na Kenya katika miaka ya 1930. Wazee wale walisema mtu "avunjike". Kuvunjika hakukuwa kulia mbele ya madhabahu tu. Walirudisha vitu. Mtu alirudisha jembe aliloiba, akaenda kwa jirani aliyemsingizia akamwambia nilikusingizia. Nilidhani hayo yalikuwa mambo ya zamani, ya watu waliotoka mbali. Mimi nilikuwa nimeokoka nikiwa shuleni, sikuwa na la kurudisha.

Nauza nafaka Kibuye. Anayejua soko letu anaijua gorogoro, kile kikopo cha mafuta ya kupikia cha kilo mbili tunachopimia mahindi na maharagwe. Yangu kitako chake kilikuwa kimebonyezwa ndani. Sikukibonyeza mimi, niliinunua hivyo kutoka kwa aliyenitangulia kibandani, na niliijua vizuri. Kila gunia la kilo 90 lilinipa gorogoro mbili au tatu za ziada. Nilifundisha darasa la Biblia miaka minne nikiwa na gorogoro ile. Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA," niliifundisha pia, nikafafanua mambo ya mizani ya Israeli.

Usiku ule baada ya yule dada kulala, nilikuwa na hasira na mtumishi aliyemshauri, nikasema moyoni kwamba yeye ndiye hajafa kwa nafsi. Neno hilo likanigeukia. Sikuona maono. Niliona kitako cha gorogoro.

Asubuhi niliazima nyundo kwa fundi wa majiko. Niliiweka gorogoro kwenye gogo, nikagonga kwa ndani nikizungushia ukingoni, hadi bati likatoa mlio mmoja mkubwa na kitako kikatoka nje. Jirani yangu wa kibanda aliniuliza nina nini. Nikamwambia. Aliitazama yake, akaitazama yangu, akaendelea kupepeta maharagwe.

Mteja wa kwanza alikuwa mama kutoka Nyalenda, nimemuuzia miaka yote. Alitaka gorogoro mbili. Nilipokuwa namimina, mkono ulisimama wenyewe pale ulipozoea kusimama. Nikausukuma. Nikajaza, nikaitikisa, nikajaza tena mpaka punje zikaanza kuteremka pembeni. Kisha nikamwambia kwa nini leo zimekuwa nyingi, na kwamba namwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kwa hivyo ni wewe," akafunga mfuko wake akaenda.

Alirudi wiki mbili baadaye. Alisimama akautazama mkono wangu tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikamimina.