Vinasaba vya mazingira: kumjua mnyama kwa maji aliyopita

Samaki akiogelea hayaachi maji kama alivyoyakuta. Ute wa ngozi unabanduka, magamba yanapukutika, anajisaidia humo humo, na msimu wa kuzaana ukifika anamwaga mayai au shahawa. Katika mabaki hayo mna seli, na katika seli mna vinasaba, yaani DNA, vyenye mpangilio unaotofautisha spishi moja na nyingine. Vikishatawanyika majini, kwenye tope au hata hewani, watafiti huviita vinasaba vya mazingira. Ukivichota na kuvisoma, unaweza kujua nani alikuwapo bila kutupa wavu wala kumtia mnyama jeraha. Kwa wanyama adimu, au wajanja wa kujificha, hilo si jambo dogo.

Mtafiti huchota maji, aghalabu lita moja au mbili, na kuyapitisha kwenye chujio lenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Maji humwagwa; kinachotakiwa ni uchafu uliobaki juu ya chujio. Huo huhifadhiwa kwenye barafu au ethanoli mpaka maabara, ambako vinasaba hutenganishwa na kuzidishwa kwa PCR, mbinu ile ile iliyopata umaarufu wakati wa Uviko-19. Hapo anaweza kutafuta spishi moja tu, au akasoma kipande kifupi ambacho samaki wote wanacho na kukilinganisha na hazina ya kumbukumbu. Njia ya pili ndiyo inayopendwa kutangazwa, ila spishi ambayo haijaingizwa kwenye hazina hiyo haitatajwa jina hata kama imejaa tele.

Katika vifaa vyote vinavyobebwa, mimi naiheshimu zaidi chupa ya maji safi kutoka maabara. Inapelekwa ziwani, inafunguliwa pale pale, na maji yake yanachujwa sawasawa na mengine. Yakikutwa na vinasaba vya samaki, maana yake kuna glavu, ndoo au bomba lililochafuka, na matokeo ya siku hiyo yote yanatiliwa shaka. Ripoti isiyosema lolote juu ya chupa hiyo, isome kwa tahadhari.

Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba mbinu hii inafaa kwa wanyama wakubwa pia, si vijidudu tu. Walipima maji ya madimbwi, mililita 15 kwa kila sampuli, kiasi cha kijiko cha chakula, wakimtafuta chura mkubwa wa Marekani Kaskazini ambaye ni mvamizi barani Ulaya. Alionekana kwenye vipimo hata pale alipokuwa mchache.

Lakini kipimo hakisemi yote. Mwaka 2018 kundi lililoongozwa na Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago lilichota maji ya Loch Ness, ziwa la Uskoti linalovumishwa kuwa na dubwana ambalo wengine humdhania mtambaazi mkubwa. Vinasaba vya mtambaazi yeyote havikupatikana. Vya mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, vilijaa. Baadhi ya magazeti yakarukia kusema dubwana hilo ni mkunga jitu. Vinasaba havielezi ukubwa wa mnyama, wala umri wake, wala kama yu hai, na idadi hukisiwa kwa taabu. Jua kali, joto na bakteria huviharibu ndani ya siku au wiki chache, na mto huvisomba mbali na vilikotoka.

Chicago udhaifu huo uliwagharimu watu. Huko kuna mfereji wenye kizuizi cha umeme, uliowekewa hivyo ili samaki vamizi wa asili ya Asia, wale wenye vichwa vikubwa, wasiingie Ziwa Michigan. Mwaka 2009 vinasaba vyao vikaonekana ng'ambo ya kizuizi, upande wa ziwa. Je, samaki wamepita? Mei 2010 mamlaka zikamwaga sumu kwenye sehemu ya mto Little Calumet. Samaki wa aina nyingine wakafa kwa wingi, wa kutafutwa hakuna hata mmoja. Wenye shaka wakapata la kusema. Mwezi uliofuata mvuvi akamnasa mmoja, mzima, katika ziwa la Calumet, ng'ambo hiyo hiyo.

Je, kipimo kilishinda ubishi? Si moja kwa moja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba vinasaba vya samaki hao vinaweza kubebwa na matishari, kinyesi cha ndege wala-samaki, hata maji ya mitaro. Ndiyo maana leo sampuli moja yenye vinasaba vyao haitoshi kutangaza kwamba samaki wamefika. Maji huchotwa tena, na alama zikiendelea kujitokeza, ndipo hupelekwa nyavu na boti zinazopitisha umeme majini ili samaki walegee na kuelea.