Vifo 21 vya Corona: namba iliyosimama

Mpaka leo, vijiweni Kariakoo utasikia: "Corona Bongo iliua watu 21 tu." Siyo kweli. Hiyo 21 ndiyo idadi iliyokuwa imetangazwa kufikia Mei 2020, wagonjwa wakiwa 509. Baada ya hapo serikali ikaacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kilichosimama ni hesabu, siyo kirusi.

Na hata panapohesabiwa vizuri, vifo huchelewa. Mtu anaambukizwa leo ndani ya daladala ya Mbagala, imeshona, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua; akizidiwa, mara nyingi ni wiki kadhaa baadaye. Anayesubiri vifo viongezeke ndipo avae barakoa keshachelewa. (Nyungu, yaani kujifukiza mvuke? Haiui kirusi. Fungueni vioo.)